Kitabu Hakiombi Kibali cha Kutoka Kambini

Mwaka 1933 kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Nkhoma, katika wilaya ya Lilongwe, kilitoa kitabu cha Kichewa kiitwacho Nthondo. Mtunzi wake, Samuel Yosia Ntara, alikuwa mwalimu wa shule za misheni ya Kanisa la Dutch Reformed, na hadithi hiyo ilikuwa imeshinda tuzo ya taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London. Mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Man of Africa. Mfasiri alikuwa mmisionari Cullen Young, na dibaji iliandikwa na Julian Huxley, mwanasayansi aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Baadaye Ntara alisimulia maisha ya Msyamboza, chifu wa Dowa, na tafsiri ya kitabu hicho nayo ikachapishwa Uingereza mwaka 1949.

Dowa ndiyo wilaya yenye kambi ya Dzaleka. Maelfu ya watu wanaoishi pale huamka, hugombana, huswali, huimba na kuandika kwa Kiswahili, na wengi wao wametoka Kongo ya mashariki na Burundi. Kati ya Ntara na kijana wa Bukavu anayeandika mashairi kwenye simu yake kambini kuna zaidi ya miaka 90. Swali la nani ana haki juu ya kilichoandikwa, na nani anakaa mezani haki hiyo inapogawanywa, limekuwepo muda wote huo.

Enzi ya Ntara meza yenyewe haikuwa Afrika. Sheria ya hakimiliki iliyotumika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ilikuwa ya Uingereza ya mwaka 1911. Makoloni yaliingizwa kwenye Mkataba wa Berne wa 1886 kupitia saini ya mkoloni. Hata huo Mkataba wa Berne haukushuka kutoka mbinguni. Ulidaiwa na waandishi. Mwaka 1878 walikutana Paris chini ya Victor Hugo, wakaunda chama cha kimataifa, na miaka minane ya kusukuma serikali ikazaa mkataba. Mwaka 1884 Walter Besant alianzisha chama cha waandishi wa Uingereza, na mshairi Tennyson akawa rais wake wa kwanza. Lengo lao halikuwa kusomeana mashairi. Walitaka mikataba ya wachapishaji isomwe kwa sauti na sheria ziandikwe upya.

Uhuru ulipokuja, nchi za Afrika zilikuta sheria hizi zimelala ndani ya nyumba kama samani za mwenye nyumba aliyehama. Mwaka 1963 wajumbe wa Afrika walikutana Brazzaville kujadili hakimiliki inayoifaa Afrika. Mwaka 1967 huko Stockholm nchi zinazoendelea zilidai ruhusa pana zaidi ya kutafsiri na kuchapa vitabu vya shule, na nchi za wachapishaji wakubwa zikakataa kuidhinisha. Mwaka 1971 huko Paris ikapatikana suluhu nyembamba, yenye masharti mengi kiasi kwamba ni nchi chache zilizowahi kuitumia. Malawi ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Hakimiliki wa Dunia mwaka 1965, na mkataba huo ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Berne. Mazungumzo yote hayo yalikuwa ya maofisa. Waandishi wa Malawi walikuwa na shida nyingine.

Mwaka 1968 serikali ya Rais Kamuzu Banda ilipitisha sheria ya udhibiti wa maandishi na burudani. Bodi ya udhibiti ikawa ndiyo inayoamua kitabu gani kiingie nchini na kipi kichapwe. Mwaka 1970 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Malawi walianzisha karakana ya waandishi, wakawa wanakutana kusomeana na kukosoana. Humo walipita watu kama Jack Mapanje, Felix Mnthali, Steve Chimombo, Frank Chipasula na Lupenga Mphande. Karakana hiyo ilifundisha kizazi kizima kusema kwa mafumbo. Lakini chama kinachoandikia wizara barua ya madai ni kitu kingine, na kisingeweza kuwepo.

Mapanje alitoa diwani yake ya Of Chameleons and Gods mwaka 1981. Septemba 1987 alikamatwa, akawekwa katika gereza la Mikuyu bila kushtakiwa, na hakutoka hadi Mei 1991. Hapo ndipo historia inapochekesha kwa uchungu. Sheria ya Hakimiliki ya Malawi, inayomtambua mtunzi kama mwenye mali na mwenye heshima juu ya kazi yake, ilipitishwa mwaka 1989. Taifa lilimpa mshairi haki juu ya shairi lake huku likiwa limemfungia gerezani. Oktoba 1991 Malawi ikaingia Berne kwa jina lake yenyewe.

Chombo cha kusimamia sheria hiyo, COSOMA, kilianza kazi mwaka 1992, na makao yake yako Lilongwe. Msomaji wa Tanzania anaweza kukifananisha na COSOTA ya zamani. Hukusanya malipo kutoka redioni, hotelini na kwenye kumbi, hutoza wanaodurufu vitabu, kisha hugawa mirabaha kwa wanachama. Kwa miaka mingi sura yake mitaani ilikuwa ile stika ya kung'aa inayobandikwa kwenye kaseti na baadaye CD, ili mnunuzi atambue mali halali. Ni sura ya muziki. Redio inapiga wimbo mara 40 kwa siku na kila mpigo unaweza kuhesabiwa. Nani anahesabu sura ya riwaya inayofotokopiwa mlangoni mwa chuo?

Hilo ndilo lililowasukuma waandishi kujipanga. Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi mwaka 1994, Umoja wa Waandishi wa Malawi, unaojulikana kwa kifupi MAWU, ulipata nafasi ya kusimama hadharani. Wengi waliujua kwa mashindano ya hadithi fupi yaliyodhaminiwa na benki ya FMB. Shughuli za namna hiyo huonekana kama burudani, lakini ndizo zinazokipa chama orodha ya wanachama, majina kwenye magazeti na mlango wa kumwona waziri. Upande wa kudurufu, shirika la Kopinor la Norway lilisaidia nchi kadhaa za Afrika kujenga vyombo vya kukusanya malipo, Malawi na Kenya zikiwemo. Chuo kinacholipia leseni ya fotokopi humletea mwandishi wa kitabu cha kiada fedha ambazo duka la vitabu halingemletea kamwe.

Kisha fotokopi ikapitwa na wakati.

Nenda kituo chochote cha biashara Malawi, Mitundu kusini mwa Lilongwe kikiwemo, utakuta kibanda chenye kompyuta, spika kubwa na kijana mmoja. Mteja anatoa simu au flashi, anataja anachotaka, kijana anamrushia. Nyimbo ndizo biashara kuu, lakini kifaa hakibagui. Kinachobeba wimbo kinabeba pia tamthilia ya redio, mahubiri, mitihani ya zamani na kitabu kilichoskaniwa. Msako wa polisi unaweza kukamata kompyuta moja siku ya soko, na wiki inayofuata kibanda kiko palepale. Kwenye makundi ya WhatsApp hata kibanda hakuna.

Jibu la tatizo hili lilipatikana Ujerumani, zamani kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1950 chama cha watunzi wa muziki, GEMA, kiliwashtaki watengenezaji wa mashine za kurekodi sauti, kwa hoja kwamba watu wanarekodi nyumbani bila kulipa. Kilidai hata wauzaji wachukue namba za vitambulisho vya wanunuzi. Mwaka 1964 mahakama kuu ilikataa, kwa sababu hakuna sheria inayoweza kutekelezwa kwa kuchungulia majumbani mwa watu. Mwaka 1965 bunge likachagua njia ya kati. Mtu anakili kwa matumizi yake, lakini bei ya mashine inabeba malipo kidogo kwa watunzi. Burkina Faso ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoichukua njia hiyo mapema. Tanzania iliweka tozo ya asilimia 1.5 mwaka 2023, inayokusanywa na mamlaka ya mapato. Malawi iliitangulia Tanzania. Sheria yake mpya ya Hakimiliki ya mwaka 2016 iliweka tozo kwenye vifaa vya kuhifadhia data, ikaanzisha na mfuko wa hakimiliki.

Sheria hiyo ya 2016 haikuandikwa na watunzi peke yao, na ni vizuri kwamba haikuwa hivyo. Wakutubi nao walikuwa na hoja. Kupitia MALICO, muungano wa maktaba za Malawi, wakisaidiwa na mtandao wa kimataifa wa EIFL, walipigania ruhusa ya maktaba kunakili kwa ajili ya kuhifadhi, kusoma na kufundishia. Wasioona nao walitaka vitabu vigeuzwe kuwa breli na sauti bila kumsubiri mchapishaji wa London ajibu barua. Mwaka 2017 Malawi iliridhia Mkataba wa Marrakesh unaolinda haki hiyo. Chama cha waandishi kinachoona ruhusa hizi kama wizi kinakosea kumtambua adui. Asiyeona anayesikiliza riwaya yako hajakunyima mauzo. Hakuwa na namna ya kuinunua.

Ugomvi mkali zaidi uko kwenye haki ya kuazimisha. Uingereza, mwandishi John Brophy alipendekeza mwaka 1951 kwamba kila kitabu kinapoazimwa maktaba, mtunzi apate senti kidogo. Alichekwa. Binti yake Brigid Brophy, pamoja na Maureen Duffy, wakaunda kundi la waandishi mwaka 1972, wakasumbua wabunge kwa miaka saba, na sheria ikapita mwaka 1979. Malipo ya kwanza yalitoka 1984. Kutoka wazo hadi hundi ni miaka 33.

Malawi imejitokeza kwenye mjadala huu kwa namna ambayo wengi wa majirani zake hawakuithubutu. Mwaka 2020, pamoja na Sierra Leone na Panama, ilipeleka pendekezo kwenye kamati ya hakimiliki ya Shirika la Miliki Bunifu la Dunia huko Geneva, likitaka ufanyike utafiti juu ya haki hii na jinsi ya kuianzisha. Jumuiya za waandishi zikashangilia. EIFL na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, zikapinga. Walisema maktaba za nchi maskini hazina fedha hata za kununua vitabu, na malipo ya kuazimisha yakichukuliwa kwenye bajeti hiyohiyo, rafu zitabaki tupu. Hoja hiyo ina uzito. Jibu la haki lazima litaje fedha zitoke mfuko gani, na waandishi wasipolitaja wenyewe, wizara ya fedha italitaja kwa niaba yao.

Dzaleka inaingiaje katika haya yote?

Mahali hapo palikuwa gereza enzi za Banda. Mwaka 1994 likageuzwa kambi, kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe, kwa watu wanaokimbia vita vya Maziwa Makuu. Ilipangwa kwa watu wasiozidi 12,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2014 Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki anayejulikana kwa jina la Menes la Plume, alianzisha pale tamasha la Tumaini. Wasanii wa Malawi na wa nje huja kupanda jukwaa moja na wasanii wa kambini, na wakazi wa Lilongwe hupanda basi kwenda kambini kusikiliza. Ni nadra kusikia kambi ya wakimbizi ambayo watu wanalipa nauli kuingia.

Kutoka ndilo suala gumu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa vizito. Miongoni mwavyo ni kifungu cha 17 cha ajira, cha 22 cha elimu, cha 26 cha uhuru wa kutembea na cha 34 cha uraia, pamoja na vingine. Ndiyo maana mkimbizi huhitaji kibali kutoka kambini, na ndiyo maana mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka. Watu waliokuwa na maduka kwa miaka mingi walipakizwa kwenye magari.

Lakini kuna kifungu kimoja kilichopita salama, na hakitajwi sana. Kifungu cha 14 kinasema mkimbizi, katika nchi anamoishi kwa kawaida, apewe ulinzi uleule wa kazi za fasihi, sanaa na sayansi anaopewa raia wa nchi hiyo. Malawi haikukiwekea pingamizi. Mkataba wa Berne nao, katika kifungu chake cha tatu, unamhesabu mtunzi anayeishi nchi mwanachama sawa na raia wa nchi hiyo. Ukiyaweka haya mawili pamoja unapata jambo la ajabu. Mwandishi wa Dzaleka hawezi kutembea hadi Mitundu bila karatasi, lakini riwaya yake inatembea na haki kamili ya Kimalawi. Akiandika kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi au Kinyarwanda, ni sawa. Sheria haiulizi lugha, wala haimtaki asajili ndipo alindwe.

Zaidi ya hapo, mkimbizi ameshaanza kulipa. Tozo ya vifaa vya kuhifadhia hukusanywa kwenye uingizaji, na bei ya dukani inaibeba. Anayenunua flashi sokoni Dzaleka huchangia watunzi sawasawa na anayenunua Lilongwe. Fedha hizo hugawanywa kwa wanaojulikana, waliojaza fomu na kuorodhesha kazi zao. Mtunzi ambaye hakuna chama kinachomtaja ni mchangiaji wa mfuko na si mnufaika wake. Tatizo hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji orodha ya majina, fomu kwa lugha inayosomeka kambini, na kiti kimoja kwenye mikutano.

Kuna sababu ya kibiashara pia, kwa wasiovutwa na haki. Mwaka 2019 mkutano wa SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Julai 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria sherehe za uhuru wa Malawi, na Rais Lazarus Chakwera akatangaza nia ya kukifundisha Kiswahili shuleni. (Si mgeni kabisa: Jumbe wa Nkhotakota, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, alikuwa na watu wanaozungumza Kiswahili tangu katikati ya karne ya 19.) Masomo hayo yakienea, shule zitataka vitabu vya ziada, hadithi fupi na visomo vya watoto. Vinaweza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam. Vinaweza pia kuandikwa kilomita 50 kutoka wizarani, na watu wanaojua Lilongwe ina harufu gani mvua ya Desemba inapoanza.

Soko la dijitali limeleta jambo jingine ambalo vyama vya Afrika vimelipokea vikiwa na usingizi machoni. Mwaka 2025 kampuni ya akili unde ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi waliolalamikia vitabu vyao kuchukuliwa kutoka maktaba haramu za mtandaoni. Ni kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Sharti mojawapo la kuingia kwenye orodha lilikuwa kitabu kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Kwa Berne, usajili si sharti la kuwa na haki. Kwa mahakama ya Marekani, ndio unaofungua mlango wa fidia iliyowekwa na sheria. Mwandishi wa Blantyre, Mombasa au Dzaleka ambaye kitabu chake kilikuwa kwenye maktaba hizohizo, lakini hakuwahi kusajili Washington, aliisoma habari hiyo kama shabiki wa timu iliyotolewa mapema.

Serikali za Afrika zilikuwa zimeanza kuliona pengo hilo. Agosti 2021 nchi za ARIPO, shirika la miliki bunifu lenye makao Harare, zilipitisha Itifaki ya Kampala ya usajili wa hiari wa hakimiliki. Malawi ni mwanachama wa ARIPO. Usajili wa Harare haumlazimishi jaji wa Marekani, ni kweli. Lakini chama kinachokwenda kudai nafasi katika makubaliano yajayo kitaulizwa swali moja kabla ya mengine yote: orodha ya kazi za wanachama wako iko wapi? Asiyekuwa na orodha atabaki na malalamiko.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya MAWU na wenzake si ya kishairi hata kidogo. Kanuni za kugawa fedha za tozo zieleze wazi fungu la maandishi ni kiasi gani, lisimezwe na muziki kwa sababu tu muziki unasikika. Pendekezo la kuazimisha lirudi nyumbani kutoka Geneva likiwa na jibu la fedha zitoke wapi, na wakutubi waitwe kabla ya waandishi wa habari. COSOMA itume watu wake Dzaleka wakati wa Tumaini, wakiwa na fomu za Kiswahili na Kifaransa, kwa kuwa siku hizo watunzi wa kambini wako pamoja na hakuna anayehitaji kibali kuwafikia. Na waandishi wa Dzaleka wasisubiri kualikwa. Waunde umoja wao, waandike majina ya kazi zao na tarehe zilipotoka, na barua yao ya kwanza kwa COSOMA itaje kifungu cha 14 kwa namba yake.